Pesa iende kwenye kadi: kujenga kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo

Ingia kwenye maduka ya kompyuta ya Kariakoo, au panda ngazi za majengo ya Moi Avenue jijini Nairobi, useme unatafuta mashine ya kuchezea gemu. Mara nyingi neno la kwanza utakaloambiwa ni "i7". Muuzaji atakuonyesha stika iliyobandikwa mbele ya kesi, atasema mashine ni mtumba safi wa Uingereza, na bei itapanda kwa sababu ya stika hiyo. Kijana anayeuziwa kwa namna hii amedunduliza kwa miezi, na pengine hatashika fedha nyingine kama hiyo kabla mwaka haujaisha. Mwenye fedha nyingi akichagua vibaya atabadilisha. Mwenye fedha kidogo atakaa na alichonunua, gemu ikikwamakwama kila adui anapotokea, na ndiyo maana uchaguzi wake unataka uangalifu kuliko wa tajiri.

"Core i7" ni jina la ukoo tu. Prosesa ya i7-2600 ilitoka mwaka 2011, i7-3770 ikafuata mwaka 2012, na zote mbili bado zinazunguka sokoni. Januari 2022 Intel walitoa i3-12100F. Nayo ina viini 4 vinavyoshika kazi 8 kwa pamoja kama hao wazee wawili, lakini kwenye gemu inawaacha mbali, ingawa kwa jina ungeiweka ngazi mbili chini yao. Habari iko kwenye namba inayofuata kistari: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 cha 8, i3-12100 cha 12. Omba mashine iwashwe, fungua taarifa za mfumo kwenye Windows, usome namba kamili kwa macho yako. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Hata hivyo, prosesa si pa kuanzia. Anza na gemu utakayocheza na skrini utakayoitazamia, kwa sababu hizo mbili ndizo zinazoamua kila shilingi iende wapi. Chukua Tekken, gemu iliyompa jina Mkenya Sylvia Gathoni, anayefahamika kimataifa kama QueenArrow. Gemu hiyo imefungwa kwenye fremu 60 kwa sekunde. Ukiwa na kompyuta inayoweza kutoa fremu 200, Tekken itakupa 60 zilezile, na skrini ya hezi 144 haitakuongezea pigo hata moja. Anayecheza Valorant au Counter-Strike 2 ana hesabu tofauti kabisa: pale fremu nyingi ni faida ya kweli, skrini ya hezi 144 inaonekana kwa jicho, na prosesa yenye nguvu ina kazi. Kwa Valorant, watengenezaji wake wenyewe waliitaja kadi ya GTX 1050 Ti, kadi ya mwaka 2016, kuwa inatosha kuvuka fremu 144.

Kadi hiyohiyo utaikuta kwenye orodha rasmi ya mahitaji ya chini ya EA Sports FC 24 na ya Tekken 8, pamoja na prosesa ya i5-6600K na rami ya gigabaiti 8. Mahitaji ya chini maana yake gemu itafunguka na kuchezeka, huku picha zikiwa zimeshushwa ubora. Kwa wachezaji wengi wa mpira wa kwenye kompyuta, hilo linatosha. Kila moja ya gemu hizo inataka nafasi ya takriban gigabaiti 100, na hapo SSD ndogo ya gigabaiti 240 inajaa haraka. Walau SSD ya 500, na hadidiski ya zamani kwa ajili ya filamu na mafaili mengine.

Mashine za ofisi

Kwa anayeanza na fedha kidogo kabisa hapa kwetu, naamini njia bora ni kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini Ulaya, kisha kuongezewa kadi ya grafiki. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre: mashine hizi hukodishwa na kampuni kubwa kwa miaka michache, zikarudishwa, zikasafishwa na kuuzwa kwa jumla kwa wafanyabiashara. Zinakuja nyingi zaidi sasa kwa sababu Microsoft walisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Ofisi nyingi hazina budi kuziondoa.

Ndani yake zimetengenezwa kwa uangalifu, kwa sababu kampuni iliyonunua kwa maelfu haivumilii mashine zinazokufa ovyo. Lakini zina mipaka, na anayezinunua bila kuijua mipaka hiyo ataumia.

Mpaka wa kwanza ni umbo. Mfano mmoja huuzwa kwa maumbo matatu au zaidi. Kuna mnara wa kawaida, kuna kesi nyembamba, na kuna kile kidude kinachotoshea kiganjani. Hicho cha mwisho kiache kabisa, hakina nafasi ya kadi. Kesi nyembamba inapokea kadi fupi tu, zile zenye kibati cha nusu kimo, na kadi hizo ni adimu na zina bei zaidi. Chukua mnara hata kama ni mkubwa na hauvutii mezani.

Mpaka wa pili ni umeme, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Mnara wa OptiPlex 7020 au 9020 unakuja na pawasaplai ya wati 290, isiyo na waya wa ziada wa kulisha kadi ya grafiki. Kadi itabidi inywe umeme kutoka kwenye tundu lake la madabodi peke yake, na tundu hilo halitoi zaidi ya wati 75. Ndiyo maana GTX 1050 Ti imeishi muda mrefu hivi sokoni: matoleo yake mengi yanatosheka na wati hizo 75. GTX 1650 ya mwaka 2019 nayo hivyo, ingawa hiyo uitazame vizuri, kwani baadhi zina tundu la waya wa pini 6 juu yake na hizo hazitakufaa. Aliyejaliwa fedha zaidi atafute RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka Februari 2024. Inakula wati 70 na inazipita hizo mbili kwa mbali. Ipo pia RX 6400 ya AMD, wati 53, lakini iliundwa itumie njia 4 tu za data kwenye tundu, na kwenye madabodi ya zamani inapoteza sehemu ya nguvu yake. Kwa mashine ya ofisi ya kizazi cha 4 au 6, ningemshauri mtu aiache.

Fundi anaweza kukuambia mtabadilisha pawasaplai baadaye mweke kadi kubwa. Muulize kwanza kuhusu plagi. OptiPlex nyingi za miaka ile zinatumia plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe kulisha madabodi, na EliteDesk 800 G1 inatumia ya pini 6 ya HP, wakati pawasaplai ya kawaida ina plagi ya pini 24. Kuna waya za kuunganishia, na watu wanazitumia, ila gharama zinajilimbikiza mpaka unajikuta umetumia fedha za mashine mpya kwenye mwili wa mashine ya zamani.

Katika mashine hizi, kizazi cha 4 ndicho rahisi zaidi, lakini ningeongeza kidogo nipate cha 6 au, ikiwezekana, cha 8. Sababu yangu ni rami. Kizazi cha 4 kinatumia DDR3, ambayo haina mbele tena. Mashine nyingi za kizazi cha 6 na zote za kizazi cha 8 zinatumia DDR4, na DDR4 utaihamishia kwenye mashine yako ijayo. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za rami zimepanda sana duniani, viwanda vikielekeza chipu zake kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo vijiti viwili vya DDR4 vilivyomo ndani ya mtumba ni mali. Kizazi cha 8, yaani OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4, kina faida ya pili. Kinakubali Windows 11 kihalali, na kina chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo Valorant inaidai kwenye Windows 11 pamoja na mpangilio wa Secure Boot. Mchezaji wa Valorant asiyelijua hilo anaweza kununua mashine yenye nguvu za kutosha na gemu ikakataa kufunguka.

Kujenga kuanzia mwanzo

Ikiwa fedha zimeongezeka, jenga. Msingi ninaoupendekeza bila kusita ni soketi ya AM4 ya AMD na prosesa ya Ryzen 5 5600. Ilitoka Aprili 2022 kwa dola 199 na bei yake imeshuka tangu hapo. Ina viini 6, inakula umeme mdogo, na ile ya boksi inakuja na feni yake. Zinauzwa pia zisizo na boksi, na hizo hazina feni, kwa hiyo linganisha bei ukiwa umeiweka feni kwenye hesabu. Soketi ya AM5 iliyoifuata mwaka 2022 ni bora na ina maisha mbele yake, ila inalazimisha DDR5 na madabodi ghali. Kwa bajeti ndogo, fedha hiyo ya ziada ina kazi nzuri zaidi kwenye kadi.

Madabodi ya B550 inatosha na kubaki. B450 ni nafuu zaidi, lakini ilitangulia sokoni mwaka 2018, na iliyokaa muda mrefu kwenye rafu bila bayosi yake kusasishwa haitaitambua 5600. Skrini itabaki nyeusi, na mwenye nayo atadhani ameunguza kitu. Mwambie muuzaji asasishe bayosi kabla hujaondoka dukani.

Kadi sasa. Nusu ya fedha yote, au karibu na nusu, iende hapa. RX 6600 ya AMD, iliyotoka Oktoba 2021 ikiwa na gigabaiti 8 na matumizi ya wati 132, ndiyo ninayoiona ikifaa zaidi kwa mwenye skrini ya kawaida ya 1080p. Inaendeshwa na waya mmoja wa pini 8 na AMD wenyewe wanasema pawasaplai ya wati 450 inaitosha. Anayefanya pia uhariri wa video au kazi za michoro ya pande tatu atazame RTX 3060 ya gigabaiti 12, maana programu nyingi za kazi hizo zinaelewana zaidi na kadi za NVIDIA. Kadi za gigabaiti 4 ningeziachia mashine za ofisi. Gemu mpya zinaijaza nafasi hiyo upesi, na ikishajaa picha zinakatika.

Ipo njia ya kati ambayo haizungumzwi vya kutosha. Ryzen 5 5600G ina grafiki ndani yake. Ukiwa huna fedha ya kadi leo, jenga mashine yote bila kadi, cheza Valorant, Dota 2 au GTA V kwa picha za chini, kisha ununue kadi fedha ikipatikana. Kwa njia hii weka vijiti viwili vya gigabaiti 8, usiweke kimoja cha 16. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima rami, na vijiti viwili vinaipa njia mbili za kupitishia data badala ya moja. Tofauti yake kwenye gemu ni kubwa na haikugharimu chochote zaidi ya kuuliza. Angalizo moja: prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama ile i3-12100F, hazina grafiki ya ndani kabisa. Bila kadi hazitoi picha yoyote.

Pawasaplai

Hapa sitaki kuona mtu akibana matumizi. Kila kitu ndani ya kesi kinalishwa na boksi hili, na likifa vibaya linakufa na wenzake. Maduka yanaziuza pawasaplai nyepesi zilizoandikwa wati 500 au 600 kwa bei ya kutupwa, mara nyingine zikiwa zimeshafungwa ndani ya kesi mpya yenye taa. Usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma jedwali dogo la stika, tafuta mstari wa volti 12, chukua ampea zake uzidishe mara 12. Ukikuta ampea 18, hiyo ni wati 216 kwa prosesa na kadi, hata kama nje imeandikwa 500. Alama ya 80 Plus inasaidia, ila ielewe: inapima ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinachofika ndani bila kupotea kama joto. Haipimi uimara wa vipuri wala kinga. Nunua ya kampuni yenye jina, wati 500 au 550 za kweli, na iwe mpya.

Mashine iliyotoka Marekani igeuze nyuma kabla hujachomeka. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, na swichi ikiwa bado iko kwenye 115, mlipuko utasikika mara tu utakapowasha.

Kwa kukatika na kurudi kwa umeme tunakokujua sote, weka walau kifaa cha kudhibiti volti, na ukiweza UPS. Namba ya UPS huandikwa kwa VA, ambayo si wati. Ya 650 VA mara nyingi hutoa chini ya wati 400, na mashine yenye RX 6600 pamoja na skrini inaweza kukaribia 300 gemu ikiwa imepamba moto. Itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima.

Kununua kadi iliyotumika

Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamiminika sokoni. Sehemu yake ilipita kwa wafanyabiashara wa Dubai na China hadi kwetu. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Feni zake ndizo huchoka kwanza, na feni hubadilishika. Kibaya zaidi ni kadi ya uongo.

GTX 1050 Ti imeghushiwa sana. Wahalifu huchukua kadi kuukuu za NVIDIA, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, wakaziandika upya bayosi zake ili kompyuta isome jina jipya. Ishara moja huonekana kabla hata ya kuwasha: kizazi cha GTX 10 hakitoi kabisa ishara ya VGA, kwa hiyo kadi yenye jina hilo na tundu la buluu la VGA usiichukue. Ishara ya pili inatolewa na GPU-Z, programu ya bure inayosoma chipu yenyewe na kuandika neno FAKE inapogundua ulaghai. Iweke kwenye flashi uende nayo dukani. RX 580 nayo ina mtego wake. Ya asili ina vichakato 2304, lakini lipo toleo lililoanzia China lenye 2048 tu, linalouzwa kwa jina lilelile. GPU-Z itaonyesha hesabu hiyo. Toleo la 2048 si kadi mbaya, mradi uilipie bei yake.

Kisha iendeshe gemu halisi au programu ya FurMark kwa nusu saa, ukiwa umekaa hapohapo. Kadi iliyochoka huonyesha madoadoa ya rangi, au hujizima joto likipanda. Muuzaji akikunyima nusu saa, ondoka. Andikiwa risiti yenye namba ya utambulisho ya kadi na muda wa dhamana, hata kama ni wiki mbili. Anayetumiwa kadi na ndugu aliye Dubai, ambako Barabara ya Khalid Bin Al Waleed huko Bur Dubai imejaa maduka ya kompyuta, huenda akapata bei nzuri, lakini dhamana hubaki kulekule ilikonunuliwa.

Kuhusu kesi sina mengi. Ya mbele yenye wavu inapitisha hewa, ya mbele ya kioo inaizuia, na kwa joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga hilo ni jambo la uhai wa mashine. Feni mbili nzuri zina faida kuliko feni sita za taa. Vumbi lipulizwe nje kila baada ya miezi michache. Pesti ya prosesa kwenye mtumba wa ofisi ibadilishwe siku ileile unapoufikisha nyumbani, kwa sababu iliyomo imekauka.

Mashine ikishakamilika, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya grafiki, usichomekwe kwenye tundu la madabodi lililo juu yake. Malalamiko mengi ya "kadi haifanyi kazi" yanaishia hapo. Na mwenye skrini ya hezi 144 aingie kwenye mipangilio ya skrini ya Windows achague 144 mwenyewe, kwa sababu mara nyingi mashine huanza kwenye 60 na hukaa hapohapo mpaka mtu aibadilishe.